Sauti Zinapogombana: Jinsi ya Kusikiliza Utungo Mgumu wa Piano

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za muziki, wala si ule muziki tunaoupenda sote bila ya kufunzwa, bali ule unaotufanya tukunje uso. Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana mwalimu afichaye kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Hapa Usa River, chini ya Mlima Meru, mimi hufundisha vijana wanaojitayarisha kuwa walimu. Jioni moja, wakati wa masika, tulikusanyika katika ukumbi wenye piano kuukuu, ili kila mwanafunzi atuonyeshe alichokitunga: huyu shairi, huyu hadithi, hawa wimbo. Kijana mmoja mpole, asiyesema sana darasani, akaketi mbele ya piano akapiga utungo wake mwenyewe. Haukuwa na mwimbaji wala ngoma, ila piano peke yake, nao ulichukua dakika nne hivi. Mkono wa kushoto ulikwenda njia yake na wa kulia njia yake, na kila ilipokutana sauti zilisagana kama msumeno uliogonga msumari. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kucheka. Alipomaliza, nikasema kwa mzaha, "Mwanangu, piano imeharibika, au ni wewe?" Ukumbi wote ukaangua kicheko. Kijana akaikunja karatasi yake ya noti mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka kwenye mvua.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilitambua ya kuwa swali nililouliza kwa mzaha lilikuwa swali la kweli, nami sikulijua jibu lake. Je, ubaya niliousikia ulikuwa wa piano, au wa mtungaji, au wa masikio yangu? Mambo haya matatu ni mbali mbali, na asiyeweza kuyatenganisha hafai kuwa mwamuzi. Basi na tuyatazame moja moja.

Kwanza, piano yenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ile sauti iitwayo A, iliyo juu kidogo ya katikati ya piano, hutikisika mara 440 katika sekunde moja. Sasa, ndani ya piano, aghalabu ya vibao vya katikati na vya juu vina nyuzi tatu tatu, zilizokazwa zitoe sauti moja. Uzi mmoja ukilegea hata utikisike mara 438, basi nyuzi hizo hukutana na kuachana mara mbili kila sekunde, nasi twasikia sauti ikiyumba: waa, waa, waa. Katika nchi yetu jambo hili ni la kawaida. Masika hulifanya bao la ndani livimbe, na kiangazi hulifanya lisinyae, na nyuzi hubadilika pamoja nalo. Piano isiyolinganishwa kwa miaka mingi haiwezi kusema kweli.

Njia ya kuipima ni rahisi. Bonyeza kibao kimoja peke yake, usikilize mpaka sauti ife. Ikiyumba, huo ni ugonjwa wa piano. Isipoyumba, kipige pamoja na ndugu yake mwenye jina lile lile, wa juu au wa chini. Wakipatana, wote wawili ni wazima. Lakini ikiwa kila kibao ni safi kikiwa peke yake, na ugomvi watokea vibao viwili vya majina mbalimbali vikipigwa pamoja, ugomvi huo ni wa mtungaji, naye ameutaka.

Asubuhi yake nilimwita kijana. "Shikamoo, mwalimu," akasema, macho yake chini. Nikaitika marahaba, kisha nikamwomba radhi, nikamsihi tuipime piano pamoja. Tulikuta vibao vitano vyenye ugonjwa. Vingine vyote vilikuwa vizima. Kwa hiyo kelele nyingi nilizozicheka hazikuwa za piano.

Pili, mtungaji. Nilimwomba kijana apige mkono wa kulia peke yake, polepole. Nikasikia wimbo mzuri, mfupi, unaoweza kuimbwa na mtoto. Akapiga wa kushoto peke yake. Nao ulikuwa wimbo mwingine mzuri. Nikauliza, "Mbona basi vikikutana vinagombana?" Akanieleza ya kuwa kwao nyumba ilikuwa kati ya makanisa mawili, na kwaya zote mbili zilifanya mazoezi saa ile ile ya jioni. Yeye, akiwa mtoto, alikuwa akisimama njiani katikati, akizisikia zote mbili, na moja daima ikienda mbio kuliko ya pili. Hakutaka kutunga wimbo wa kwaya. Alitaka kutunga kule kusimama katikati.

Ndipo nikatazama vidole vyake. Mkono wa kulia uligusa vibao vyeupe tu, na wa kushoto vyeusi tu. Piano ina vibao 88, lakini ndani yake mna sauti kumi na mbili tu zinazorudiwa juu na chini: saba nyeupe na tano nyeusi. Jamaa hizi mbili hazina hata sauti moja ya shirika. Hivyo kila mikono inapokutana, haiwezi kugusa sauti moja. Na vibao viwili vilivyo jirani ndivyo vigombanavyo zaidi. A hutikisika mara 440, na kibao cheusi kilicho juu yake karibu mara 466. Tofauti yake ni 26 kwa sekunde, wingi ambao sikio haliwezi kuuhesabu, likausikia kuwa mkwaruzo. Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1863.

Wala kijana huyu hakuwa peke yake. Mtungaji György Ligeti, aliyezaliwa mwaka 1923 katika Transylvania, nchi ya Romania, na kufariki Vienna mwaka 2006, alitunga mazoezi 18 ya piano yaliyo magumu mno. La kwanza, la mwaka 1985, huitwa kwa Kifaransa Désordre, maana yake ni fujo. Humo pia mkono wa kulia hushika vyeupe na wa kushoto vyeusi. Mikono yaanza pamoja, kisha wa kulia hupunguziwa pigo moja dogo kila baada ya muda, ukatangulia, na tangu hapo mikazo ya mikono miwili yapishana zaidi na zaidi. Ukisikiliza mara ya kwanza, wasikia fujo. Ukiitazama karatasi, waona hesabu.

Na sasa nitasema neno ambalo huenda likawashangaza. Ligeti mwenyewe alikiri ya kuwa alijifunza mengi kwa Waafrika. Alisikiliza sauti zilizonaswa na Simha Arom katika Afrika ya Kati, tena alisoma habari za muziki wa Uganda zilizoandikwa na Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria. Kubik alifundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa Buganda, kupiga amadinda. Amadinda ni vibao kumi na viwili vya mti vilivyolazwa juu ya migomba miwili, kitu ambacho sisi wa Meru, wenye migomba kila ua, twaweza kukiwaza bila taabu. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza hupiga wimbo wake. Wa pili, akiketi ng'ambo, hutia mapigo yake katika nafasi za mwenzake, pigo kwa pigo. Wa tatu hushika vibao viwili vya juu kabisa. Mbio zao ni kubwa, na msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao azipigaye! Zazaliwa katikati yao. Muziki wa namna hiyo ulipigwa katika ua wa Kabaka, hata mwaka 1966, jeshi la serikali liliposhambulia jumba la Mengo na wapigaji wakatawanyika.

Basi, wasikilizaji, fikirini haya yangu. Nilimcheka kijana nikidhani ameiga upuuzi wa Ulaya. Kumbe jambo alilolifanya, yaani njia mbili zinazopishana ili ya tatu isikike katikati, lilikuwako Afrika ya Mashariki zamani, na Ulaya ilikuja kujifunza kwetu.

Tatu, masikio yangu. Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo na kulelewa kwa nyimbo za sauti nne. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Nkoaranga, huku kwetu Meru, mwaka 1902, na tangu siku hizo masikio yetu yamezoea kungoja sauti zipatane. Sineni vibaya malezi hayo. Ndiyo yaliyonipa kazi. Lakini hata katika nyimbo hizo mna ugomvi. Mara kwa mara sauti moja hukawia nyuma, ikasuguana na mwenzake, kisha hushuka mahali pake, nasi twaona raha. Raha hiyo yatoka katika ule msuguano. Uondoe, na wimbo utakuwa kama ndizi zilizopikwa bila chumvi. Mtungaji wa kijana wetu ameongeza chumvi, wala hakuahidi ya kuwa mwishowe sauti zitapatana.

Tena si watu wote walio na mapatano yale yale. Wagogo wa Dodoma huzipanga sauti zao za kuimba kwa desturi yao wenyewe, si kwa kanuni za kitabu cha nyimbo. Amadinda ina sauti tano zilizoachana karibu sawa, hata piano haiwezi kuzitoa zote barabara. Basi sikio nalo ni kitu kilichofunzwa, na kilichofunzwa mara moja chaweza kufunzwa tena.

Je, twaupokeeje utungo wa namna hii hadharani? Mwaka 1918, mtungaji Arnold Schoenberg alianzisha katika mji wa Vienna chama cha kusikilizia muziki mpya, kilichodumu mpaka mwaka 1921. Sheria zake zilikuwa kali. Ilikatazwa kupiga makofi, na ilikatazwa kuzomea. Waandishi wa magazeti waliokuja kuhukumu hawakuruhusiwa kuingia. Tungo zilifanyiwa mazoezi mengi, nazo zilipigwa tena na tena, maana Schoenberg alijua ya kuwa kitu kigumu hakifahamiki kwa mara moja.

Tulizichukua sheria hizo, tukazipunguza kwa kadiri yetu. Baada ya majuma mawili tuliitisha watu wale wale katika ukumbi ule ule. Niliungama kosa langu mbele yao. Kijana akaikunjua karatasi yake, mikunjo ikiwa bado yaonekana, akapiga kila mkono peke yake, kisha utungo mzima, kisha utungo mzima mara ya pili. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyepiga makofi. Ndipo tukazungumza, na sharti lilikuwa hili: kila mtu aseme kwanza alichokisikia, kabla ya kusema kama amekipenda.

Mama mmoja, mpishi wetu, alisema, "Nimesikia watu wawili wa nyumba moja wanasema pamoja, na hakuna anayemngoja mwenzake." Mwanafunzi mmoja alisema ya kuwa mkono wa kulia una nguvu mno, hata wimbo wa kushoto wazama, kijana akakubali, na baadaye akaubadilisha. Mwalimu mwenzangu mzee alisema, "Mara ya pili nimeufahamu. Lakini siupendi." Kijana akamshukuru huyo kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amesikiliza mpaka mwisho.

Sisemi ya kuwa kila utungo mkali ni mwema. Yuko mtungaji ambaye, ukimwuliza kwa nini sauti hizi zagombana, hana jibu; yeye ametupa vidole tu. Ugumu si sifa, kama vile wepesi si aibu. Lakini hatuwezi kumjua huyo wala yule bila ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Makumira, hapa hapa Usa River, chafundisha muziki, na vijana watungao watazidi kuwako kati yetu. Watatuletea vitu ambavyo masikio yetu hayajavizoea.

Kwa hiyo nawaachia mambo manne. Kwanza, pimeni chombo kabla ya kumpima mtu. Pili, sikilizeni mara mbili. Tatu, semeni mlichokisikia, na mwulizeni mtungaji alichokitaka. Nne, hapo ndipo mhukumu, nanyi mna ruhusa kamili ya kutopenda. Utungo mgeni ni kama mgeni aliyepiga hodi: hukaribishwa kwanza akaketi, ndipo huulizwa habari za atokako. Mimi nilimfukuza mlangoni, na ni kwa wema wake tu kwamba alirudi.