Kurudisha Windows ya zamani katika kipakatalishi kipya

Mwenye saibakafe mjini Malindi aliyenunua kipakatalishi chenye Windows 11 huenda akagundua siku hiyo hiyo kwamba printa yake ya miaka mingi haielewani nacho. Wazo linalomjia upesi ni kumwita fundi afute mfumo huo na kuweka Windows 10 aliyoizoea.

Wazo hilo si geni. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 30, 2007, wengi waliiona nzito wakarejea kwa XP. Kampuni ya Microsoft iliruhusu jambo hilo kwa walionunua Vista Business au Ultimate. Wenye matoleo ya Home hawakuruhusiwa. Katika Windows 11 pia, ni Pro iliyopewa nafasi hiyo, si Home. Swali la kwanza basi ni la leseni, nalo fundi wa mtaani aghalabu hulipita kimya.

Ufundi nao una vikwazo vyake. Katika vipakatalishi vingi vya Intel vya kuanzia kizazi cha 11, Windows 10 huweza kukosa kuiona diski hadi ipewe programu ya hifadhi ya Intel kutoka kwa flashi. Programu hiyo, pamoja na ya Wi-Fi, ipakuliwe mapema, kwani mashine isiyo na mtandao haiwezi kujitafutia. Faili zote zinakiliwe kando kwanza. Kufuta diski huweza kuondoa hata sehemu ya kurejesha mfumo iliyowekwa kiwandani.

Lakini kuna tofauti kubwa na enzi za Vista. Aliyerudi kwa XP mwaka wa 2007 aliendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Aprili 8, 2014. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na nyongeza iliyotangazwa kwa watumiaji binafsi waliojisajili iliwekewa kikomo cha Oktoba 2026. Katika saibakafe ambamo wateja hufungua iTax na eCitizen kwa nywila zao, mwanya usiozibwa huwadhuru wao kabla ya mwenye duka.

Mara nyingi kiini cha tatizo ni kidogo kuliko mfumo mzima. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo programu ya printa ya biti 32 haifanyi kazi, ilhali ile ya Windows 10 ya biti 64 kwa kawaida hukubali. Ikikosekana kabisa, tarakilishi ya zamani yaweza kubakizwa kwa uchapishaji tu, bila kuunganishwa na intaneti.