Mkeka wa Kapilari katika Umwagiliaji wa Kitalu Nyumba

Umwagiliaji kwa mkeka wa kapilari hutegemea sifa moja ya maji: kupanda yenyewe katika nafasi nyembamba, kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa kandili. Mkeka wa nyuzi hutandikwa juu ya meza iliyosawazishwa na kufunikwa kwa nailoni, ukingo wake ukining'inia ndani ya chombo cha maji kilicho chini kidogo. Vyungu vya plastiki vyenye matundu huwekwa juu yake, na udongo huvuta maji kadiri mmea unavyoyatumia.

Mfumo huu hufaulu iwapo tu mfuatano wa maji kutoka mkekani hadi mizizini haukatiki. Kwa hiyo kokoto haziwekwi chini ya chungu, kwa kuwa nafasi baina yake ni pana mno kupandisha maji. Vilevile, udongo humwagiwa kwanza kutoka juu, kisha chungu hukandamizwa mkekani. Udongo ukikauka kabisa, mche waweza kufa juu ya mkeka uliolowa. Mfuatano hurejeshwa kwa kumwagia tena kutoka juu.

Aidha, maji yapandayo huacha chumvi za mbolea karibu na uso wa udongo. Mara kwa mara chungu huondolewa mkekani na kumwagiwa maji mengi, ili chumvi hizo zitoke kupitia matundu.