Mijusi wa Mistari wa Visiwa vya Fiji

Katika bahari kubwa ya Pasifiki, mbali sana na kwetu, kuna visiwa vinavyoitwa Fiji. Kule wanakaa mijusi wakubwa wa rangi ya majani mabichi, jina lao iguana. Msiwafananishe na kenge. Kenge anaiba kuku na mayai. Iguana hawa wanakaa juu ya miti, wanakula majani, maua na matunda. Aina zao ni 4. Aina moja ina kishungi mgongoni na mistari myembamba myeupe, dume na jike sawasawa. Wataalamu waliiandika mara ya kwanza mwaka 1981.

Uzazi wao ni wa polepole. Jike anachimba shimo, anataga mayai machache, mara nyingi 3 ao 4, anayafukia, anakwenda zake. Mayai yanalala udongoni miezi 8 ao 9. Hesabuni wenyewe: mnapanda mahindi, mnavuna, mnakula, na yai bado halijapasuka!

Nani anawamaliza? Nguchiro aliletwa Fiji mwaka 1883 ili aue panya katika mashamba ya miwa. Hakuishia kwa panya. Paka naye anawakamata. Lakini katika visiwa vidogo, ambako nguchiro hakufika, adui ni moto wa pori na mbuzi. Moto unapita, mvua inakuja, miche inaota tena. Mbuzi asiye na mchungaji anaila miche ile yote. Miti mizee inakufa, mingine haipo kushika mahali pake, na iguana atahamia wapi? Pande zote ni bahari. Mbuzi ni mali, hakuna anayekataa. Ubaya ni kumwacha ovyo.

Yadua Taba ni kisiwa kidogo, hekta 70 hivi, mali ya watu wa Yadua. Mwaka 1981 kiliwekwa kuwa mahali pa kulinda iguana wa kishungi. Wenyewe walikubali, mbuzi wakaondolewa, moto ukakatazwa. Msitu ulirudi, na leo iguana wa kishungi walio wengi wanakaa pale.

Katika kisiwa cha Monuriki mbuzi walikuwa wamekula sana, iguana wakabaki wachache mno. Mwaka 2010 baadhi yao walikamatwa, wakafugwa mahali pengine ili wazae. Mwaka 2011 mbuzi waliondolewa. Miche ilipopata nguvu, mwaka 2015, watoto wa iguana wale walirudishwa kisiwani, wakaachwa kupanda miti.