Kuusoma Ukali wa Korona katika Picha ya Kifua

Pafu lenye afya, likipigwa eksirei, huonekana jeusi, kwa kuwa hewa iliyojaa katika vifuko vyake haizuii miale kupita. Nao weupe, ukitokeza pasipo mfupa, moyo wala mishipa ya damu, aghalabu ni dalili kwamba mahali pa hewa pameingia majimaji ya uvimbe. Juu ya kanuni hiyo umejengwa utaratibu waliouasisi matabibu wa Brescia, kaskazini mwa Italia, mwaka 2020, korona ilipozijaza hospitali zao wagonjwa waliotweta kwa kukosa pumzi.

Kila pafu hugawanywa juu, kati na chini, zikawa sehemu sita, na kila sehemu hupewa alama tangu 0 hadi 3: sifuri ni sehemu iliyo safi, moja ni pale kuta zilizo baina ya vifuko zimevimba, mbili ni pale vifuko vyenyewe navyo vimeanza kujaa, ijapokuwa uvimbe wa kuta ndio uliozidi, na tatu ni pale weupe wa vifuko vilivyojaa umeshinda. Jumla haipiti 18, na waliofariki walionekana kuwa na alama kubwa kuliko walioruhusiwa kurudi kwao. Mimi nauenzi utaratibu huu, maana wahitaji mashine ya kawaida tu na jicho lenye subira.

Picha ya CT huonyesha zaidi. Mwanzoni pafu hupata ukungu, mfano wa kioo cha dirisha kilichoshika mvuke, mishipa ikingali yaonekana nyuma yake, hasa pembezoni na sehemu za chini za mapafu yote mawili. Maradhi yakizidi, ukungu hukatwa na mistari iliyopishana. Kisha huja weupe mzito unaomeza mishipa yote, na ndani yake njia za hewa zilizosalia wazi huonekana kama matawi meusi.

Walakini alama hizo za eksirei hazina maana kamili pasipo tarehe. Siku za mwanzo eksirei huweza kuwa safi kabisa, na madhara ya mapafu aghalabu hufikia kilele karibu na siku ya kumi tangu homa ianze. Basi mgonjwa mwenye alama 8 siku ya nne si sawa na mwenye 8 siku ya kumi na nane, ambaye pengine anapona. Kwa hiyo nawasihi matabibu waandike katika fomu ya maombi ya picha siku homa ilipoanza na kiasi cha oksijeni kilichosomwa kidoleni.

Tena, mgonjwa ambaye picha yake haikubadilika tangu jana, ilhali oksijeni yake imeshuka ghafla, asiachwe kwa sababu alama zake ni zile zile: katika korona kali damu huelekea kuganda, na donge likiziba mshipa wa pafu, eksirei ya kawaida huweza isionyeshe lolote, hapo sharti, madhali hali yake yaruhusu, afanyiwe CT kwa dawa ya kung'arisha mishipa, bila ya kukawia.