Utepe wa njano uliomponza Guardiola

LONDON, ENGLAND

FEBRUARI 25, 2018, Wembley. Manchester City wameichapa Arsenal 3-0 kwenye fainali ya Kombe la Ligi, mabao ya Sergio Aguero, Vincent Kompany na David Silva. Pep Guardiola amebeba taji lake la kwanza tangu atue England mwaka 2016.

Ila siku hiyo kamera hazikuwa na shida na kombe peke yake. Zilikuwa zinamulika kifua cha kocha. Na kweli, kitu chenyewe kilikuwepo: kipande cha utepe wa njano, kile ambacho fundi cherehani yeyote wa Kariakoo angekukatia bure.

Siku mbili tu nyuma, Chama cha Soka England (FA) kilikuwa kimemfungulia mashtaka kwa sababu ya utepe huo, baada ya kumuonya asisikie. Kesi ilitokana na mechi ya Kombe la FA ya Februari 19, ile ambayo City ilipigwa 1-0 na Wigan ya ligi daraja la tatu, bao la Will Grigg. Kosa: kuvaa ujumbe wa kisiasa akiwa kazini.

Ujumbe gani? Oktoba 1, 2017 Catalonia, nyumbani kwao Guardiola, ilipiga kura ya kujitenga na Hispania, kura ambayo serikali ya Madrid iliiita haramu. Oktoba 16, viongozi wawili wa asasi za kiraia, Jordi Sanchez na Jordi Cuixart, wakawekwa rumande. Wanasiasa wengine wakafuata. Utepe wa njano ukawa ishara ya kudai waachiwe, na Guardiola akaubana kifuani.

Maelezo yake yalikuwa mepesi: kabla ya kuwa kocha, yeye ni binadamu. Akasema hilo ni suala la watu kunyimwa uhuru, siyo siasa za chama.

FA haikulegeza. Kwenye mikutano na waandishi ruksa, ila si kwenye mstari wa uwanja. Guardiola akakiri kosa na Machi 9 akapigwa faini ya Pauni 20,000.

Hapo ndipo stori inanoga. Bosi wa FA wakati huo, Martin Glenn, alipojaribu kufafanua alijikwaa mwenyewe. Akautaja utepe huo kwenye kapu moja na nyota ya Daudi, alama ya Wanazi na hata fulana yenye picha ya Robert Mugabe. Wayahudi wakaja juu, akaomba radhi.

Glenn alisisitiza kuwa ua jekundu la popi, ambalo Waingereza huvaa kila Novemba kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani, si siasa. Lakini FIFA iliwahi kuliona tofauti. Novemba 11, 2016 wachezaji wa England na Scotland walivaa vitambaa vyeusi vyenye popi mkononi, na FIFA ikazitoza faini timu zote mbili, England ikilimwa faranga 45,000 za Uswisi. FA ile ile ikapinga. Mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa.

Na muulize James McClean kama popi halina siasa. Winga huyo wa Ireland amekuwa akikataa kulivaa tangu 2012 na kwa miaka mingi alikuwa akizomewa kila Novemba. Yeye amezaliwa Derry, mji ambao Januari 30, 1972 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji. Watu 13 walikufa siku hiyo. Ua hilo hilo linalomliza bibi wa Manchester linamkumbusha McClean majeneza ya mtaani kwao.

Sisi wenyewe tepe tunazijua. Ule mwekundu huvaliwa kila Desemba Mosi, Siku ya Ukimwi Duniani. Ulibuniwa New York mwaka 1991 na wasanii waliokuwa wakizika wenzao. Leo kiongozi yeyote anaubandika kwenye koti bila kuulizwa kitu, lakini wakati ule ugonjwa huo watu wengi waliuona wa aibu.

Guardiola naye hakubaki salama. Wapo waliomuuliza: mbona unawalilia wafungwa wa Hispania, wakati timu yako inamilikiwa na Sheikh Mansour wa familia inayotawala Abu Dhabi, ambako wakosoaji wa serikali nao wanafungwa? Jibu lake lilikuwa kwamba kila nchi huamua inavyotaka kuishi. Wengi halikuwashibisha, na ni haki yao. Ukishavaa utepe, watu wataangalia na ule ambao hukuuvaa.

Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya Hispania iliwahukumu Sanchez na Cuixart kifungo cha miaka tisa kila mmoja. Juni 2021 serikali ikawapa msamaha, wakatoka pamoja na wenzao saba. Walikuwa wamekaa ndani zaidi ya miaka mitatu na nusu.

City ilimaliza msimu ule wa 2017/18 na pointi 100 na ubingwa juu. Pauni 20,000 ziliingia FA. Lakini mashabiki wengi wa soka ambao hawakuwahi kuisikia kesi ya akina Jordi waliijua kupitia faini hiyo.