Pumu Inayojitokeza Mbio Zikiisha

Mtoto anakimbia mita 1,500 katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, anavuka mstari vizuri tu, kisha dakika tano baadaye anaanza kukohoa, kifua kinambana na pumzi inatoka kwa mluzi. Ataambiwa mengi: hana mazoezi, ana kichomi, anajidekeza. Kesho yake akipelekwa zahanati, tabibu anasikiliza kifua na hasikii kitu, kwa hiyo anampa dawa ya kikohozi. Tabibu hakuzembea, alichokuwa anakitafuta kilikwisha kuondoka tangu jana. Pumu inayoamshwa na mazoezi haithibitishwi kwa kusikiliza kifua kilichopumzika. Hupimwa saa ile inapojitokeza, na kwa hilo Ufipa, nyanda za juu ulipo mji wa Sumbawanga, pamoja na uhaba wake wa mashine, ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani.

Sababu iko hewani. Mtu anayekimbia kwa nguvu huhemea mdomoni, na hewa humfika kifuani kabla pua haijaipasha joto wala kuitia unyevu. Hewa hiyo kavu hunyonya maji kwenye utando laini wa njia za hewa. Kwa mwenye pumu, utando unapokauka hutoa kemikali zinazofanya misuli ikaze na mirija isinyae. Hali hukolea kati ya dakika 5 na 15 baada ya mbio kusimama, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya saa moja. Sasa fikiria Sumbawanga mwezi wa Juni au Julai: takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mvua zimekatika, asubuhi ni baridi kali, na upepo unarusha vumbi. Maabara za nchi tajiri humvutisha mgonjwa hewa iliyokaushwa makusudi ili kipimo kiwe cha kweli; hapa hewa ya namna hiyo haiuzwi. Mtoto wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni chini kwa takriban mita 1,000 na kuna joto na unyevu, anaweza kucheza mpira mwaka mzima bila shida, kisha akabanwa siku anapopandishwa mjini kwa mashindano ya shule, ambayo kwa kawaida huangukia katikati ya mwaka. Mwalimu wa michezo atasema hajazoea mwinuko. Lakini asiyezoea mwinuko huhema zaidi akiwa bado anakimbia na hutulia akipumzika. Huyu hali yake huharibika akishapumzika.

Kifaa kinachohitajika ni kipima pumzi, bomba dogo la plastiki lenye mshale na namba, lisilotumia umeme na la bei nafuu kuliko mashine kubwa za hospitali. Mtoto anasimama, anavuta hewa hadi mwisho, anapuliza mara moja kwa nguvu zake zote. Anarudia mara tatu na namba ya juu ndiyo inayoandikwa. Kisha anakimbia dakika 6 hadi 8, si kwa mwendo wa matembezi bali hadi ashindwe kuzungumza sentensi nzima, na anapuliza tena dakika ya 5, ya 10, ya 15 na ya 30. Aliyeanza na 300 akashuka hadi 240 amepoteza asilimia 20. Kwa watoto, kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 ni dalili nzito ya pumu. Asiwe amekimbia saa chache kabla, maana baadhi ya wagonjwa wakibanwa mara moja hupata ahueni ya saa kadhaa, na kipimo kitadanganya.

Wapo watakaosema pumu ni ugonjwa wa mijini, wa moshi wa magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwakimbiza wanafunzi wa Nairobi na wa Murang'a vijijini: pumzi ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi kwa takriban asilimia 23 ya wale wa mjini, lakini pia kwa asilimia 13 hivi ya wale wa kijijini. Mjini ni zaidi, kweli. Kijijini si haba. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la anayeuliza kwa nini usumbufu wote huu, si apewe tu pampu ya salbutamol tuone? Anayetulia baada ya kuvuta pampu huenda angetulia hata bila hiyo, kwa kuwa muda ulifika. Na aliyezoea kuitegemea pampu hiyo peke yake huachwa bila dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Kuhusu usalama, pingamizi ni la haki: kipimo hiki si cha kufanywa na mzazi peke yake uani. Kifanyike tabibu akiwepo, pampu ikiwa mkononi, na asikimbizwe mtoto ambaye tayari kifua kinalia.

Wakati mwingine namba haishuki hata kidogo, asubuhi ya Julai, mtoto akiwa amekimbia kweli. Jibu hilo nalo lina thamani. Mluzi unaosikika anapovuta hewa ndani, katikati ya mbio, hutoka kooni na si kwenye mirija. Anayechoka mapema huku viganja vimepauka apimwe damu. Mwenye moyo unaokwenda mbio hata akiwa amekaa achunguzwe moyo, na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi atoe makohozi yapimwe kifua kikuu.