KURUDISHA WINDOWS YA ZAMANI: HIFADHI AMANA KWANZA



Ndugu msomaji, wazee wetu wana msemo: usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huukumbuka pale wanapoweka Windows mpya kwenye kompyuta mpakato ya siku nyingi, kisha kompyuta ikaanza kujikokota. Unaiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi bado haijafunguka. Hapo mtu husema: "Bora nirudi kwenye ile ya zamani."

Je, inawezekana? Ndiyo. Je, ni salama? Inategemea umefanya nini kabla ya kuanza.

Yaliyotukuta nyumbani

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilikuwa na sauti ya marehemu babu akisoma Suratu Yaasin, iliyorekodiwa katika Ramadhani yake ya mwisho. Kompyuta ilipokuwa nzito, kaka yangu alivuka nayo daraja hadi Ifakara, akamwambia fundi maneno mawili tu: "Nipigie Windows." Jioni ilirudi nyepesi kama mpya, na tupu kama mpya. Fundi hakuambiwa kuwa mna kitu cha thamani, naye hakuuliza. Allah amrehemu babu yetu. Sauti yake hatunayo tena.

Kwa nini kompyuta huwa nzito?

Windows ni mfumo endeshi, yaani msimamizi wa kompyuta. Kila programu huomba nafasi na ruhusa kwake. Msimamizi mpya ana mahitaji makubwa zaidi. Windows 7 ya mwaka 2009 inahitaji RAM ya GB 1 kwa toleo la biti 32, na GB 2 kwa biti 64. Windows 11 ya mwaka 2021 inahitaji angalau GB 4, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Basi kompyuta yenye GB 2 ikibebeshwa mzigo wa leo, itaelemewa tu.

Tazama siku kwanza

Ikiwa Windows 10 au 11 iliwekwa juu ya ile ya zamani bila kufomati, una siku 10 za kurudi nyuma bila kufuta mafaili yako. Mfumo wa zamani huwa umehifadhiwa ndani ya folda iitwayo Windows.old. Usiifute. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya urejeshaji, chagua kurudi toleo la nyuma. Programu ulizoweka baada ya mabadiliko zitaondoka. Siku hizo zikipita, itabidi kupiga Windows upya.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi nakala. Hamisha kila kitu kwenye flashi au diski ya nje: picha, sauti, matokeo ya mitihani, na hata vile vilivyotawanyika kwenye uso wa kompyuta, maana hivyo husahaulika sana. Kisha fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa unayo.

2. Tafuta namba ya leseni. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 7 zina stika chini yake. Zilizouzwa na Windows 8 na kuendelea, kwa kawaida namba imo ndani ya mashine yenyewe. Jihadhari na programu za kuvunjia leseni. Kwanza ni kula haki ya mtu, na pili virusi wengi huingilia mlango huo.

3. Pakua draiva mapema. Hizi ni programu ndogo zinazoifundisha Windows kutumia sauti, kioo na mtandao. Anza na ya mtandao, kwa sababu ukiikosa hiyo huwezi kupakua nyingine. Pia fahamu kwamba Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0. Kwenye mashine nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2015, mausi na flashi vinaweza kugoma katikati ya kazi.

4. Uhakika wa umeme. Kompyuta yenye betri iliyokufa ikizimika katikati, utabaki huna mfumo mpya wala wa zamani. Usianze kazi hii wakati wingu la mvua limefunga.

5. Kupiga Windows. Flashi ya GB 8 inatosha. Washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Kwa Windows 7, kwanza zima kinga ya kuwashia iitwayo Secure Boot. Utafika kwenye orodha ya sehemu za diski. Tulia hapo! Herufi C na D hazionekani, utaona namba na ukubwa tu. Kwa hiyo andika kwenye karatasi mapema ukubwa wa kila sehemu, usije ukafomati ile yenye mafaili.

Mbachao una matundu

Tusisahau kwamba mfumo wa zamani nao una aibu zake. Microsoft iliacha kuziba mianya ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari cha Chrome nacho kiliacha kuihudumia Windows 7 mwaka 2023. Kwa hiyo kompyuta yenye Windows 7 itumie kwa kuandika, kusikiliza qiraa na kuchapa, bila intaneti. Usiitumie kwa mambo ya fedha. Kwa anayehitaji mtandao kwenye mashine dhaifu, mifumo ya bure kama Lubuntu ni myepesi, na bado matoleo yake mapya hutolewa.

Mwisho

Wanafunzi wenzangu, mtu akikupa kompyuta yake amekupa amana. Kabla ya kugusa chochote muulize: "Humu mna nini usichotaka kipotee? Nakala iko wapi?" Na wewe mwenye kompyuta, mwambie fundi kabla hajakuuliza. Windows hupigwa tena hata mara kumi. Sauti ya babu hairekodiwi mara ya pili.

Wabillaahi tawfiiq.